Nundu ya Bibi Stoo

Hospitali ile ilikuwa na mitandao miwili isiyosalimiana. Wa ndani ulikuwa wa mashine: friji za damu, mitungi ya hewa, chumba cha baridi cha chanjo. Wa nje ulikuwa wa watu, na watu unawajua, hubofya chochote kinachong'aa. Mwaka uliotangulia wezi walipita kwenye kamera ya mlango wa jikoni, wakateleza hadi kwenye mafaili ya wagonjwa na kuyafunga kwa siku tisa. Siku tisa madaktari wakaandika kwa mkono, ikagundulika kwamba nusu yao hawawezi kusoma walichoandika wenyewe. Mkurugenzi akatoa amri kwamba hataki kusikia waya wa ndani umegusana na wa nje. Wiki ileile akatoa amri nyingine, kwamba anataka hali ya kila friji ionekane kwenye skrini kubwa ofisini kwake. Alizitoa zote mbili kwa sauti ileile, kama mtu anayeagiza chai isiyo na maji.

Mzigo huo ukamwangukia fundi wa mitandao, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mwenye miwani ya kamba na ulimi usio na breki. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho kifuani, lakini hakuna aliyejisumbua kulisoma. Walimwita Mama Nywila, kwa sababu kila mwezi aliwalazimisha kubadili nywila zao, na kila mwezi hakukosekana daktari bingwa aliyekuja mlangoni kwake kuomba msamaha kwa kuisahau mpya. Nyumbani malalamiko yalikuwa mengine. Mdogo wake alisema dada huyu tangu darasa la kwanza hajawahi kutamka neno "sijui". Ukimuuliza njia asiyoijua atakuelekeza, tena kwa mkono mzima, na ukipotea atasema hukusikiliza.

Basi Mama Nywila akakuna kichwa, akaweka kompyuta mbili. Ya kwanza aliiweka ndani kabisa, kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya stoo ya dawa, ikawa inakusanya vipimo vya mashine zote kila dakika. Hiyo haikumfungulia mtu yeyote kutoka nje, hata yeye mwenyewe aliyeiunda. Ukitaka kuongea nayo uende ukakae mbele yake. Akaiita Mwali. Ya pili aliiweka katikati, ndani ya kabati la chuma kwenye ngazi za kwenda ghorofani, na kazi yake ilikuwa kupokea habari kutoka kwa Mwali na kuzifikisha zinakokwenda. Hiyo akaiita Mshenga. Kila dakika Mwali alisogea mlangoni mwenyewe, akamkagua Mshenga cheti chake cha utambulisho, na akiridhika humpa ujumbe uliofungwa kwa kufuli, ambao mwizi hata akiuiba ataambulia makapi. Kisha anarudi ndani na kufunga. Mshenga anaupeleka kwenye skrini ya Mkurugenzi na makao makuu. Wa nje haingii, wa ndani hatoki, na habari zinafika.

Mkurugenzi akaipenda skrini yake hadi watu wakaona aibu kwa niaba yake. Kila friji ilikuwa na kisanduku, kijani ikiwa salama, chekundu joto likizidi. Alikunywa chai akiitazama na kuwaletea wageni kuionyesha, na haki yake apewe, kisanduku kikiwaka chekundu alipiga simu kabla hata mwenye friji hajajua. Wakamwita Bwana Kijani, kwa kunong'ona, maana mshahara ni mshahara.

Siku moja wageni wakiwa wamesimama mbele ya skrini, Mshenga alijizima na kujiwasha, kama kompyuta zote zinavyofanya wakati usiofaa, na visanduku vikabaki vitupu kwa dakika mbili. Mgeni mmoja akauliza, "Na hivi vyeupe vina maana gani?" Bwana Kijani akawaongezea chai. Jioni alimdaka Mama Nywila koridoni, akamwambia hataki kuona kisanduku kitupu tena, kwamba kitupu kinamwaibisha kuliko chekundu. Mama Nywila angeweza kumjibu kwamba kitupu nacho ni habari. Lakini ilikuwa Ijumaa, ana njaa, na mzee yule alikuwa amemchosha. Akakaa, akamwandikia Mshenga mstari mmoja: usiposikia kitu kutoka kwa Mwali, rudia ulichosikia mara ya mwisho. Alijiambia Jumatatu ataongeza kikomo cha dakika tano. Jumatatu ilipofika ilikuja na mambo yake.

Sasa sikia habari ya Bibi Stoo. Huyu alikuwa mtunza stoo ya chanjo, mwanamke mkubwa aliyebakiza miaka miwili kustaafu, aliyevaa sweta mwaka mzima kwa sababu ya kuingia na kutoka kwenye chumba cha baridi. Kila Jumatatu ya chanjo, kabla ya saa tatu asubuhi, alikuwa akipakia chupa kwenye makasha ya kubebea, na ili asihangaike na mlango aliuzuia kwa kiti. Kwa hiyo kila Jumatatu mstari wa joto kwenye kompyuta ya Mama Nywila ulipanda kutoka nyuzi nne hadi sita na nusu, ukavimba hapo kidogo, ukashuka. Mama Nywila aliuita nundu ya Bibi Stoo, na kila nundu ilipoanza kuota alinyanyua simu.

"Bibi, mlango."

"Mwanangu, nina mikono miwili."

"Basi omba wa tatu, lakini mlango ufungwe."

Hawakuwa na maongezi mengine, na wote wawili waliyafurahia.

Jumatatu hii Mama Nywila alifika saa mbili na nusu. Kabla hajakaa vizuri, kwenye simu ukaingia ujumbe wa mdogo wake: "Niko foleni, namba tatu. Mkinirudisha na leo, nakuja kumwacha mtoto juu ya meza yako." Na alikuwa na haki ya kumtishia. Mara ya kwanza alirudishwa kwa sababu wauguzi walikuwa kwenye semina, mara ya pili kwa sababu chanjo ziliisha akiwa amebakiza watu wawili mbele. Mtoto alikuwa ameshapitiliza tarehe yake kwa wiki tano. Mama Nywila akajibu, "Leo utachomewa hadi utosheke," akacheka peke yake, akafungua mstari wa chumba cha baridi aone kama Bibi Stoo ameanza kupakia.

Mstari ulikuwa umenyooka. Nne nukta moja, nne nukta moja, nne nukta moja.

Akapiga simu kumpongeza.

"Bibi, leo umeniweza. Umejifunza kufunga mlango."

"Unanikejeli asubuhi yote hii?" Bibi Stoo alihema, alikuwa amebeba kitu. "Mlango uko wazi tangu saa mbili. Kiti kiko palepale. Nimeshangaa hujapiga."

 Mama Nywila alirudi kutazama mstari, akauvuta nyuma hadi Jumapili, Jumamosi, Ijumaa. Nne nukta moja. Akaendelea hadi Alhamisi saa sita mchana, na huko ndipo alipoona mstari unaocheza-cheza kama inavyotakiwa, unapanda kidogo, unashuka kidogo, kitu kilicho hai. Baada ya hapo ulikuwa umenyooka tu.

Alikuwa na kabati kwenye barua pepe zake lililoitwa Nitasoma Baadaye. Alilianzisha kwa ajili ya Mshenga, maana Mshenga alilalamikia kila kitu, feni, vumbi, joto la ngazi, na mtu hawezi kuishi hivyo. Akalifungua. Barua mia nne na kumi na mbili. Ya wiki tatu nyuma ilisema cheti chake kinakaribia kuisha muda. Ya kesho yake ilisema hivyo hivyo. Ya Alhamisi saa sita mchana ilisema cheti kimekwisha na Mwali amekataa kuongea naye, na zilizofuata zote zilisema Mwali bado amekataa. Mshenga wa watu alikuwa amemwambia yeye ukweli mara mia nne. Wengine wote alikuwa akiwaambia kile alichofundishwa kusema.

Akashuka ngazi mbili-mbili hadi chumba cha Mwali, akakaa mbele yake kama mkwe. Mwali alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Alipoona cheti kibovu alifunga mlango, na tangu hapo alikuwa akiandika vipimo na kuviweka, dakika kwa dakika, akisubiri mtu wa kumwamini. Alhamisi nne. Ijumaa nne. Jumamosi saa tisa alasiri mstari ukaanza kupanda. Saa moja jioni nyuzi kumi na moja. Alfajiri ya Jumapili kumi na tisa, na ukakaa hukohuko mchana kutwa, hadi jioni ulipoanza kushuka. Juu ya nyuzi nane, ambazo ndizo mwisho wa chanjo zile, chumba kilikaa saa ishirini na sita.

Akampigia fundi umeme. Fundi umeme alikuwa anakula, akasema ndiyo, Jumamosi umeme ulikatika, jenereta likawaka vizuri tu, hakuna shida. Jana jioni alikuja kubadilisha taa ya koridoni akakuta swichi moja imeshuka, akaipandisha.

"Ya nini?"

"Haina lebo," fundi umeme alisema. "Kwani ilikuwa ya nini?"

Zamani mlinzi wa wikiendi alikuwa akisoma kipimajoto cha mlangoni mara mbili kwa siku na kuandika kwenye daftari. Daftari hilo lilifutwa kwa barua iliyosema sasa kuna skrini. Barua hiyo aliiandika Mama Nywila, tena aliweka neno "kizamani".

Alipopita stoo, Bibi Stoo alikuwa amepanga makasha manne karibu na mlango. Kipimajoto kilisoma nyuzi tano. Chupa zilikuwa zimekaa baridi, safi, hazina la kusema. Mama Nywila akachukua moja, akaigeuza.

"Hizi hazina ile alama inayobadilika rangi zikipata joto?"

"Za awamu hii hazina. Kuna nini?"

Hapa ndipo angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Badala yake akasema kuna hesabu anaikagua, asitoe makasha mpaka arudi, akapanda ghorofani.

Bwana Kijani alikuwa anafuta meza kwa kitambaa, mwenyewe, maana wageni wa makao makuu walikuwa wanafika saa tatu. Alimsikiliza Mama Nywila hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha akageukia skrini. Visanduku vyote vilikuwa kijani.

"Kwa sasa hivi chumba kina nyuzi ngapi?"

"Tano. Lakini Jumamosi na Jumapili—"

"Tano ni salama?"

"Ya sasa ni salama. Chanjo ndiyo sijui—" Akajikata. Neno lilikuwa linataka kutoka, akalimeza, ndivyo alivyozoea. "Chanjo inabidi izuiwe mpaka wenye utaalamu waikague. Huenda nyingine ni nzima. Lakini mtoto hachomwi kwa 'huenda'."

Bwana Kijani akakunja kitambaa mara nne. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu aliyewaahidi wageni kijani. Akauliza, polepole, kwamba cheti kikitengenezwa sasa hivi, ni kipi kitapanda kwenye skrini.

"Vyote. Mwali atamwaga kila kitu kwa mpangilio kuanzia Alhamisi. Hapa na makao makuu."

"Na vya nyuma haviwezi kuachwa? Mtu akaanza na leo?"

"Vinaweza kufutwa," alisema Mama Nywila, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ulikuwa mwiko kwake kukiri kuna kitu hakiwezekani.

Nje ya dirisha foleni ya kina mama ilikuwa imezunguka kona ya jengo, watoto wakilia kwa zamu.

"Mwanangu," Bwana Kijani akasema, "ule mstari wa kurudia-rudia aliuandika nani?"

"Wewe ulisema hutaki kuona kisanduku kitupu."

"Nilisema. Sikuandika." Aliongea kwa upole wa kuudhi. "Nenda kafikirie. Una kazi nzuri hapa."

Mama Nywila akatoka. Usimwonee huruma mapema, ngoja nikuambie alichofanya. Alisimama kwenye ngazi, mgongo ukiegemea kabati la Mshenga, akafikiria miaka kumi na nne ya kazi, akafikiria kamati ikimkalisha kwenye kiti kimoja na wao watano ng'ambo ya meza, akafikiria neno "kizamani". Halafu akatoa simu, akamwandikia mdogo wake: "Toka kwenye foleni. Usimchome mtoto leo. Nitakueleza nyumbani."

Akaituma. Akasikia nafuu. Huo ndio ukweli wenyewe, alisikia nafuu kabisa, kama mtu aliyeshusha mtungi kichwani.

Simu ikaita papo hapo.

"Nitoke kwa nini?" Mdogo wake alikuwa anaongea juu ya kelele za watoto. "Niko namba tatu. Nimefika hapa jua halijatoka."

"Nimekwambia toka. Chanjo zina tatizo."

"Tatizo gani?"

"Zilipata joto."

 Mdogo wake akasema, sauti imeshuka, "Huyu nyuma yangu ana mapacha. Amenishikia mwanangu nikaenda msalani. Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu kwanza."

"Dada."

"Nasema kwanza."

"Sawa, nitoke kimyakimya, nimwachie nafasi yangu asogee mbele. Ndivyo?"

Mama Nywila akatazama chini. Kutoka pale kwenye ngazi ulionekana mlango wa stoo, kiti cha Bibi Stoo, na kona ya kasha jeupe.

"Hapana," akasema. "Baki hapo."

Akashuka hadi stoo, akamwambia Bibi Stoo yote kwa pumzi moja: joto, saa ishirini na sita, cheti, mstari wake mwenyewe wa kijinga. Bibi Stoo akamsikiliza mikono ndani ya sweta.

"Bwana Kijani amenipigia sasa hivi," akasema. "Ameniambia skrini ni kijani na nitoe makasha. Mimi nina neno lako, yeye ana skrini. Nikikataa mimi ni mzee mkaidi."

"Nikiweka cheti kipya, skrini itasema yenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika sita. Saba."

Bibi Stoo akasogeza kiti, mlango ukajifunga kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kisha akarundika makasha mawili, akakaa juu yake, akashusha sweta magotini. "Nakupa kumi," akasema. "Wauguzi wakija nitawaambia mgongo umenibana. Si uongo, unanibana tangu mwaka wa kwanza wa kazi."

Kwenye kabati la ngazi Mama Nywila akafungua kompyuta ya mkononi, akaiweka juu ya goti. Kwanza aliufuta ule mstari wake, ingawa Mshenga hataacha kurudia mpaka ajiwashe upya na cheti kipya. Ulikuwa mfupi sana, ulifutika kwa kidole kimoja, ikamuuma kuona jinsi ulivyokuwa mfupi. Kisha akaanza kutengeneza cheti kipya. Kina taratibu zake: unaomba, unathibitisha, unatia muhuri, unahakikisha Mwali ataukubali muhuri huo, ukikosea herufi unaanza upya. Akakosea herufi. Akaanza upya. Wageni wakapita mbele yake kupanda ngazi, wanne, viatu vimepigwa rangi, mmoja akamsalimia "pole na kazi". Akaitikia. Juu akasikia mlango unafunguliwa, vicheko, vikombe, sauti ya Bwana Kijani ikieleza jinsi habari inavyotoka ndani bila mtu wa nje kuingia. Alieleza vizuri, kusema kweli. Aliyakumbuka yote aliyofundishwa.

Wauguzi wawili walikuwa wameshafika stoo. Alimsikia Bibi Stoo akilalamikia mgongo kwa mapana na marefu.

Cheti kikakubali. Mama Nywila akakipachika kwa Mshenga, akamwasha upya. Dakika ikapita. Chini kule, ndani ya chumba kisicho na dirisha, Mwali alisogea mlangoni, akakagua muhuri, akaridhika, akaanza kutoa alichokuwa ameficha. Alhamisi ikapita, Ijumaa ikapita. Juu vicheko vikaendelea kwa muda. Halafu vikapungua, kikabaki kikombe kimoja kilichowekwa kwenye kisahani.

"Hii nyekundu," sauti ya mgeni ikasema, "ni ya sasa?"

Mama Nywila akahesabu ngazi zote hadi chini na kurudi.

"Hapana," Bwana Kijani akasema. "Ni ya Jumamosi." Kisha, baada ya kukohoa: "Naomba dakika moja. Inabidi nipige simu stoo."

Simu ya Bibi Stoo ikaita. Bibi Stoo akapokea, akasikiliza, akasema, "Nimekaa juu yake, Mkurugenzi. Haiendi popote."

Muuguzi mkuu akatangaza nje kwamba leo hakuna kuchoma. Kina mama waliguna, waliapa, waliwataja wazazi wa hospitali nzima. Baada ya dakika tano mdogo wake alitokea mlangoni kwa Mama Nywila na kufanya kama alivyoahidi: akamweka mtoto juu ya meza, katikati ya nyaya. Mtoto akashika kipanya, akakitia mdomoni.

"Mara ya tatu," mdogo wake akasema. "Mara ya tatu, na safari hii ni wewe. Ni wewe, au naambiwa uongo?"

"Ni mimi."

"Ulifanyaje?"

Akamweleza. Alieleza kwa kifupi, bila kujitetea, na alipofika kwenye barua mia nne za Nitasoma Baadaye mdogo wake alianza kucheka, akajizuia, akacheka tena. Kisha akaacha.

"Ule ujumbe wako. Uliniandikia kabla ya kuwaambia wengine, au baada?"

Mama Nywila alivua miwani, akaifuta kwa blauzi, akaivaa.

"Kabla."

Mdogo wake alikuwa mtu wa maneno, anayeweza kumsuta mtu kutoka asubuhi mpaka vitunguu viive. Siku hiyo hakusema lolote. Alimnyang'anya mtoto kipanya, akamfunga mgongoni, akaenda zake.

Barua ya kujieleza ilifika Jumatano. Kamati ilimkalisha kwenye kiti kimoja na wao watano ng'ambo ya meza, kama alivyokuwa ameona kichwani, ila hakutarajia kwamba Bwana Kijani angekaa upande uleule wake, kwenye kiti cha pili. Naye alikuwa na barua yake. Hawakutazamana. Mgeni aliyeuliza kuhusu nyekundu ndiye alikuwa mwenyekiti, na alitaka kujua jambo moja: mstari umefutwa, je, Mshenga asiposikia kitu, sasa skrini itaonyesha nini.

"Itaandika 'Sijui'," Mama Nywila akasema. "Na tangu lini."

"Kwenye skrini ya hospitali?"

"Kwa herufi kubwa."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaona ni utovu wa heshima. Bwana Kijani akakohoa, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye angependelea hivyo. Kamati ikaahidi kutoa uamuzi baada ya wiki mbili, na mpaka hapo kila mtu aendelee na kazi yake.

Chanjo mpya zililetwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, Mama Nywila alikuwa kwenye kiti chake, na kabati la Nitasoma Baadaye halikuwepo tena. Barua za Mshenga zilikuwa zinamwangukia usoni moja moja, feni, vumbi, joto la ngazi, na alizisoma zote. Saa mbili na robo mstari wa chumba cha baridi ukaanza kupanda. Nne na nusu. Tano. Sita. Nundu ikavimba pale, mbaya, ya kiburi, kiti kikiwa kimezuia mlango. Mkono wake ulikwenda hadi kwenye simu, ukarudi. Alitamani kumwacha mama wa watu apakie.

Simu ndiyo iliyolia yenyewe. Ujumbe, wa kwanza kutoka kwa mdogo wake tangu wiki ile.

"Niko namba moja. Mama Mapacha yuko nami. Anauliza hizi za leo ni nzima."

Aliandika "Ndiyo" kabla hajafikiri. Aliitazama hiyo ndiyo. Chumba cha hapa alikuwa na habari zake, dakika kwa dakika. Lakini zilikotoka, na ndani ya gari lililozileta, joto lilipimwa na kipimo kingine kilichokuja ndani ya kasha, karatasi yake ilikuwa stoo, na yeye hakuwa ameisoma. Akafuta.

"Sijui bado," akaandika. "Msichome. Nipeni dakika tano, naenda kuangalia."

Jibu lilikuja akiwa ameshafika kwenye ngazi. Mdogo wake aliuliza aliyeiba simu ya dada yake ni nani.

 Mama Nywila aliingia stoo, akamsogeza Bibi Stoo kwa bega, akaomba ile karatasi.